Jiko la Wanawake Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Leo meza ya jikoni imeanguka. Haikulegea wala kuinama, imeanguka, na sufuria ya maharage juu yake. Mvua ya wiki nzima imepenya ukutani na mbao zimeoza kwa ndani bila sisi kujua. Asubuhi nilipoitua sufuria nikasikia mlio kama mtu anavunja biskuti, na mara maharage yametapakaa hadi mlangoni. Binti yangu wa miaka kumi alicheka mpaka akakaa chini. Baba yake, ambaye ni dereva wa lori la mizigo, alikuwa anavaa viatu aende kazini. Alikuja na kiatu kimoja, akatazama, akasema, "Basi, mama watoto, umeshinda. Tutajenga jiko."

Nimeliomba jiko hilo miaka minne. Kuna bahasha kabatini, chini ya vitambaa vya wateja, ambayo huwa naitilia chochote kinachobaki kwenye kazi yangu ya cherehani. Si nene, lakini ipo.

Mama mkwe alikuwa amesimama kando, mkono ukutani. Nyumba hii ni yake. Mimi nimeikuta, na jiko nimelikuta na yeye yumo ndani.

"Limepikia watu miaka thelathini," alisema. "Ligongeeni misumari, liendelee."

"Mama, limeoza."

"Hata mimi nimezeeka. Mbona hamjanibomoa?"

Akajiondokea. Mume wangu akanitazama, nami nikamtazama, kisha akaenda kutafuta kiatu cha pili.

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya vipimo vya jiko. Naona nimeshaanza kuandika mengine.

Jumamosi, 8 Machi

Nguo sikati kabla ya kukata karatasi, kwa hiyo na jiko nimelifanya vivyo hivyo. Nimekata vyote kwa karatasi, kwa ukubwa wake halisi: sinki, jiko la gesi, meza, makabati. Nikavitandaza sakafuni sebuleni, nikawa navisogeza kwa mguu. Sinki nimeliweka chini ya dirisha, ili nikiosha vyombo nione watu wanaopita badala ya ukuta. Juu nimeweka makabati yenye milango ya kioo, kama yale niliyoyaona kwa mteja niliyemshonea gauni la harusi. Kiuno chake nilikipima mara tatu ili nipate muda wa kuyatazama.

Nikamwita Mama atoe maoni. Hapo ndipo nilipokosea.

"Sinki libaki pale pale."

"Lakini Mama, kule hakuna mwanga."

"Maji yanataka mwanga wa nini? Na chumvi ikae kushoto kwa jiko, usawa wa bega langu. Visu vibaki vilipokuwa. Mtungi wa gesi ubaki. Meza ibaki."

Nimehesabu "ibaki" kumi na moja. Na karatasi zangu hakuzitupia jicho hata mara moja! Alikuwa ameelekea ukutani, anaongea kama anasoma hotuba. Miaka kumi na minne ya ndoa, na bado naomba ruhusa ya kuhamisha chumvi.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Hakuna aliyetaja sinki. Tumezungumza sana kuhusu mvua.

Jumatano, 12 Machi

Fundi seremala amekuja. Ni mrefu, ana penseli nyuma ya sikio la kulia na nyingine nyuma ya sikio la kushoto, "ya akiba." Kila akipima anasema, "Nusu inchi tu, haina neno." Kabla hajamaliza chai binti yangu alishampa jina la Nusu Inchi, na yeye mwenyewe akalipenda.

Alivua viatu kabla ya kukanyaga karatasi zangu, na mtu wa hivyo mimi namwamini. Akauliza bahasha ina unene gani, nikamwonyesha kwa vidole viwili. Akajikuna kichwa kwa penseli ya akiba.

"Itakayoimaliza ni milango ya kioo," alisema. "Vingine tutaviokota kwenye mabaki. Watu wanabomoa kila siku, mama. Ungejua vinavyotupwa!"

"Milango ya kioo ibaki," nikasema, na nikasikia sauti ya mama mkwe ikitoka kinywani mwangu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefunga kazi asubuhi, tumezunguka na Nusu Inchi. Tumepata sinki la chuma la mabakuli mawili, limetoka nyumba ya wageni inayobomolewa. Upande mmoja limebonyea kama lilipigwa ngumi. Tumepata mbao za madawati ya zamani, ngumu, zimechorwa majina ya watoto ambao sasa ni watu wazima. Vigae vya mabaki vipo, ila vyeupe havitoshi na vyeusi navyo havitoshi.

"Tutachanganya," alisema Nusu Inchi.

"Jiko langu halitakuwa bao la drafti," nilimjibu. Lakini nimevinunua. Mfuko ndio ulioamua.

Jumatatu, 17 Machi

Kazi ya miaka thelathini imebomolewa kwa saa mbili. Jiko la gesi limehamia barazani, na sufuria zimepangwa chini ya viti vya sebuleni. Mama alikaa kutwa nzima amezipa kelele mgongo. Nikimuuliza, anasema, "Goti." Hajapika. Tangu niolewe sijaona siku ambayo Mama hajapika, hata akiwa na homa.

Nikajisemea moyoni: huu ni mgomo.

Jumatano, 19 Machi

Jana Mama alipika tena, na maharage akayatia sukari badala ya chumvi. Leo mume wangu amerudi safari, Mama akamimina chai, ikamwagika yote pembeni ya kikombe, juu ya daftari la hesabu la mtoto. Binti akaruka na kusema yeye ndiye aliyemgusa bibi mkono. Hakumgusa. Nilikuwa nawatazama.

Uvumilivu ukaniishia. "Mama, kama hulitaki jiko, sema tu. Usituharibie chakula."

Mume wangu alinivuta mkono. Nilingoja Mama anipe jibu lake la kunikata maini, maana hakuna anayemshinda kwa mdomo. Akasema taratibu, "Sawa, mwanangu," na kujifuta mikono.

Nimeshinda ugomvi, na chakula hakikushuka.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Nusu Inchi hakuja. Tumekula kabeji.

Jumamosi, 22 Machi

Haya lazima niyaandike.

Saa tisa mchana nilikuwa barazani napinda sketi za wanafunzi. Nusu Inchi alikuwa ametoka kununua gundi. Nikasikia mbao zinaanguka jikoni, nikakimbia nikidhani ni paka.

Alikuwa Mama. Alikuwa kwa magoti na mikono katikati ya maranda, na kiganja chake kinapapasa ukutani, juu, chini, juu tena, pale pale ilipokuwa rafu ya chumvi. Damu kidogo ilikuwa inamtoka juu ya nyusi.

"Nani hapo?" aliuliza.

Nilikuwa nimesimama hatua moja mbele yake. Mchana, dirisha wazi.

"Nasema nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Aa. Ni wewe." Akajaribu kuinuka. "Nimeteleza tu. Fundi wako anaacha takataka kila mahali."

Nikachuchumaa, nikamshika mabega. "Mama, hunioni?"

"Nakuona."

"Nimevaa rangi gani?"

Akaigusa nguo yangu kwa vidole. Kisha akasema, "Umevaa rangi ya mtu mwenye maswali mengi."

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Naye akacheka. Na katikati ya kicheko akaanza kulia, bila sauti, machozi yanachanganyika na ile damu, nami nikawa namfuta kwa sketi ya mwanafunzi wa watu.

Ni miaka miwili sasa. Ilianza pembeni, alisema, kama pazia linavutwa taratibu. Akajifunza kugeuza shingo. Baadaye hata kugeuza shingo hakukusaidia.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngenikalisha kitini. Ningekuwa mtu wa kuletewa sahani na kuulizwa kama nimeshiba." Akashika mkono wangu, akaubana. "Mle jikoni sikuwa kipofu, mwanangu. Kutoka mlangoni hadi kwenye moto ni hatua nne. Chumvi bega la kushoto. Kisu ubavuni. Nilipokuwa mle nilikuwa naona kila kitu. Nikitoka ndipo nilipokuwa siwezi kuona. Sasa mmelivunja."

Kumi na moja zile. "Ibaki, ibaki, ibaki." Nami nilidhani ananionyesha nani mwenye nyumba.

Nilipoinua macho binti yangu alikuwa mlangoni na mkoba wake wa madaftari, ametoka tuisheni ya Jumamosi. "Nilimwahidi Bibi," alisema.

"Mwache," Mama akasema. "Mke mwenzangu anajua kutunza siri. Wenye midomo ni nyinyi."

Kumbe mtoto ndiye aliyekuwa anachambua mchele, anasoma maandishi kwenye makopo, anamnong'oneza bibi "juu kidogo" na "kulia kidogo." Muda wote huo mimi nilikuwa nalalamika kwamba bibi anamdekeza, hamwachi akacheze.

Mume wangu aliporudi nilimweleza. Alikwenda kukaa karibu na mama yake barazani, akamshika mkono. Yeye anaendesha lori siku tatu mfululizo na anaona shimo la barabarani kutoka mbali. Hili hakuliona.

"Usinililie," nilimsikia Mama akimwambia. "Sijafa. Niletee chai. Safari hii nitamimina mwenyewe na nyinyi mtasema kushoto au kulia."

Jumatatu, 24 Machi

Tumekwenda kwa daktari wa macho, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebakiza kidogo: anatambua mwanga na giza, na kitu cheusi kikiwa karibu na cheupe. Kilichopotea hakirudi, ila kwa dawa ya matone, kila siku bila kukosa, kilichobaki kinaweza kulindwa.

Mama alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu. "Nitapika?"

Daktari akashangaa. "Kwani nani amekukataza?"

Mama akageuka upande wangu. Sijui aliona nini. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Tukiwa njiani nilimwomba radhi kwa maneno ya Jumatano. Akasema, "Yale maharage ya sukari hata mimi yangeniudhi."

Jumanne, 25 Machi

Nimezitandaza karatasi upya. Nusu Inchi ameambiwa kila kitu, akachomoa penseli ya akiba na kuizungusha juu ya karatasi zangu. Kisha akasema, "Makabati ya juu yatamuumiza. Mlango mmoja ukiachwa wazi, ni paji la uso."

Nilijua. Nilishajua tangu jana, nilikuwa nangoja mtu mwingine aliseme.

Nilikwenda kunawa uso. Najua ni vipande vya kioo tu. Lakini miaka minne nilikuwa nalala nikiviona, vikombe vyangu nyuma yake vimepangwa kama kwa yule mteja. Nikajipa dakika mbili za kuvisikitikia, dakika mbili kamili. Nikarudi nikasema, "Milango ya kioo itoke. Tuweke rafu za wazi, fupi, zisimfikie kichwani."

"Bahasha inakushukuru," alisema Nusu Inchi.

Mama akavua viatu, akaingia kwenye karatasi, na tangu hapo tumepata msimamizi. Alitembea, akahesabu, akanyoosha mkono hewani na kusema, "Hapa." Fundi akapiga alama kwa penseli. Droo tatu zitakuwa na vishikio tofauti: cha duara kwa vijiko, kirefu kwa visu, kipande cha kamba kwa vitambaa, ili mkono ujue kabla ya kufungua. Vigae vyeupe vitakaa juu ya meza na vyeusi ukingoni, pembe zote, apate kuona meza inapoishia. Kwa mpango huo vyeupe vinatosha, na vyeusi vinatosha.

Halafu, katikati ya kazi, Mama akasimama juu ya karatasi ya meza na kuuliza, "Na wewe? Unataka nini humu?"

Sikutegemea. Nikababaika kama mtoto aliyeulizwa na mwalimu. "Mimi… chochote, Mama."

"Sikuuliza kama una adabu. Nauliza unataka nini."

"Sinki dirishani," nikasema.

Akarudi mlangoni, akaanza kuhesabu hatua kuelekea dirishani. Aligonga ukuta kwa vidole. "Sita, na kugeuka kulia. Haya, lileteni hapa."

"Lakini Mama, umelizoea kule."

"Nitazoea na huku. Sinki halipotei, lina sauti."

Alhamisi, 27 Machi

Nusu Inchi ana hali mbaya. Mama amepitisha kiganja juu ya rafu ya kwanza na kusema, "Imeinama." Fundi akaapa haijainama. Akaweka pima maji, povu likakaa pembeni kwa unene wa unywele.

"Nusu inchi tu," alijitetea.

"Kwako. Kwangu kikombe kinateremka."

Ameifungua na kuifunga tena mara tatu. Leo nimemsikia akimwambia mume wangu kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kusimamiwa hivi na mtu mwenye macho.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Maji yamepita tena ukutani, nyuma ya vigae vilivyobandikwa juzi, na vinne vimebanduka. Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa nikavipanga mapajani. Mume wangu ameomba ruhusa kazini siku mbili, akapanda juu ya paa na Nusu Inchi. Kumbe bomba la kukinga maji limekatika, na muda wote linamwaga pale pale ukutani. Wamerudi wamelowa chapachapa, wanacheka kama watoto waliotoroka shule. Mama aliwakaanga kwa maneno, kisha akawapa taulo.

Jumatatu, 7 Aprili

Ukuta umekauka. Vigae vinne vimerudi. Bahasha imebaki karatasi tupu, nimeandikia orodha ya sabuni.

Jumatano, 9 Aprili

Limekwisha!

Sinki limekaa dirishani na ubonyevu wake. Mbao za madawati zimepigwa msasa na kupakwa vanishi, ila jina moja Nusu Inchi hakulifuta kabisa, anasema mtoto aliyelichonga alitumia nguvu nyingi mno, si haki kumfuta. Ukingo mweusi unazunguka kila kitu. Nilitembeza mkono humo ndani kama ninavyokagua nguo kabla ya mteja kuja, nikakosa kasoro. Yaani nilizikuta mbili, lakini za kwangu.

Mama akaingia, akatufukuza. Wote. Akafunga mlango.

Tukakaa barazani: mimi, mume wangu, binti, na Nusu Inchi ambaye alikuwa ameshalipwa na angeweza kujiendea zake, lakini hakuondoka. Tulisikia maji. Tulisikia droo, ikafungwa, droo nyingine. Kisha kitu kikaanguka, mlio mkubwa wa bati. Mume wangu akainuka nusu, nikamshika shati.

"Ni mfuniko tu!" Mama alipaza sauti kutoka ndani. "Kaeni!"

Tukakaa. Binti yangu alikuwa ananong'ona, "Kushoto, Bibi, kushoto," ingawa hakuna wa kumsikia. Baada ya saa nzima mlango ukafunguliwa, na Mama akatokea na sinia la wali na maharage, uso unang'aa kwa jasho. Akalibeba hadi mezani mwenyewe. Nusu Inchi alikula sahani tatu, akalaumu eti chumvi ilikuwa sawa mno, ndiyo maana hakupata sababu ya kuacha.

Ijumaa, 11 Aprili

Sheria mpya ya nyumba: anayetumia kitu akirudishe kilipotoka. Anayekosea anaosha sufuria zote. Leo mume wangu ameacha kisu kwenye droo ya vitambaa. Mama ameendesha kesi, mtoto akiwa shahidi, na mshtakiwa amehukumiwa kabla ya kujitetea. Nilimpisha dirishani. Anasema kweli mandhari ni nzuri.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua imekatika. Jua limeingia jikoni hadi kwenye miguu ya meza.

Nilidhani Mama ameshaanza kupika, nikaenda kumsaidia kumenya. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda kando ya mlango, mikono mapajani.

"Goti?" nikauliza.

"Goti ni zima. Pika wewe leo. Nataka kukusikia."

Katika miaka yote hii nimepika akiwa hayupo, au nimepika kidogo pembeni yake, kama mtu anayeshona kwenye cherehani ya mwenzake. Nikawasha moto. Nikamimina mafuta.

"Bado," alisema. "Yakishaanza kunong'ona ndipo uweke kitunguu."

Nikasubiri. Kweli, yakanong'ona. Nikaweka kitunguu.

"Punguza moto, kinapiga kelele." Nikapunguza. "Hapo. Hapo sasa. Unasikia?"

Nilisikia. Nimepika vitunguu maisha yangu yote na sikuwahi kusikia zile sauti, ya mwanzo kali, inayofuata laini, kisha ile ya mwisho kabla hakijaungua. Akanifundisha moja baada ya nyingine, na mara nyingine aliitikia tu kwa kichwa, nikajua niko sawa. Hapo katikati nilitia kiungo ambacho yeye hakitii. Puani kikamfika. Nikangoja.

"Hicho si changu," alisema.

"Hapana, Mama. Ni cha kwetu. Mama yangu alikuwa anakitia."

Akafikiri. "Kikae rafu gani, nikijue?"

"Ya pili. Kulia, mwisho."

Akainuka, hatua nne, akanyoosha mkono, akakigusa kikopo, akakisogeza kidogo kifike ukingoni, akarudi kukaa.

Tulikula wanne, mlango wazi. Yeye alikula polepole, ananusa kila tonge. Hakusifu, wala sikutegemea. Mume wangu alikuwa anahadithia habari za barabarani, mtoto anacheka, mimi natazama sahani ya Mama kwa pembe ya jicho. Ikaisha. Akaipapasa mpaka akaupata ukingo, akaishika kwa mikono miwili, akainyoosha kuelekea kwangu, si kwa mwanawe wala kwa mjukuu wake.

"Ongeza," alisema.